Ukuta Kwanza, Ndoo ya Rangi Baadaye

Pita mtaa wowote wa Kigamboni, Bububu au Likoni masika yakishakatika, uziangalie kuta za nje. Chini, usawa wa goti, rangi imebabuka na plasta inameguka. Katikati kuna malengelenge. Juu, karibu na paa, imeshuka michirizi ya kijani na nyeusi. Upande unaochomwa na jua la mchana rangi imechuja, na ukiupapasa mkono unatoka na unga. Mwenye nyumba atakuambia aliuziwa rangi feki. Fundi atasema aliletewa rangi ya bei chee. Katika kasoro hizo nne, ni hiyo ya mwisho tu, kuchuja na kutoa unga, ambayo ndoo ya rangi inaweza kushitakiwa moja kwa moja. Tatu zilizobaki ni kesi za maji, chumvi na ukuta wenyewe, na hakuna rangi ya nje, iwe ya bei gani, inayozimaliza kwa kupakwa juu yake.

Tuanze chini, maana huko ndiko kwenye hasara kubwa. Tofali la saruji hunyonya maji. Ukuta usiowekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi huyapandisha maji ya ardhini polepole, nayo huja na chumvi za udongo. Tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wa bahari usiooshwa ndiyo balaa zaidi: limezaliwa na chumvi yake. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki na kuganda kuwa fuwele. Ukuta ulio mtupu hutoa ukoga mweupe, ukaufagia, yakaisha. Lakini ukuta uliofunikwa kwa rangi nzito isiyopitisha mvuke hauna pa kuitolea chumvi hiyo. Fuwele hukua nyuma ya rangi, huisukuma, na rangi iliyoshika vizuri hung'oka na kipande cha plasta. Kwa hiyo kwenye ukuta wenye unyevu rangi ngumu huacha kidonda kikubwa kuliko rangi dhaifu. Wauzaji wa rangi zile nene zinazonyumbulika kama mpira hawapendi kulisema hili. Rangi hizo zina kazi yake, kuziba nyufa ndogo kwenye ukuta mkavu. Kwenye ukuta unaonyonya maji kutoka chini ni kufungia maji ndani.

Ukoga wa chumvi usiuoshe kwa mpira wa maji, kama wanavyopenda vijana wa kazi. Ukiulowesha, chumvi huyeyuka na kurudi ndani kungoja safari nyingine. Usugue mkavu kwa brashi ngumu, uuondoe kabisa, kisha ushughulikie maji yanakotoka: bomba linalovuja, kitanda cha maua kilichoegeshwa ukutani, mfereji wa paa usiokuwepo, zege la uani linalomwaga maji kuelekea nyumbani badala ya kuyatoa. Kujua kama ukuta umekauka hakuhitaji mtambo. Bandika kipande cha nailoni angavu cha kama nusu mita kila upande, ukizibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, ukiache usiku kucha, saa 16 hivi. Ukikuta umande ndani ya nailoni, ahirisha kazi.

Malengelenge ya katikati mara nyingi hutokana na haraka. Saruji mbichi ina alkali kali, pH ya 12 au 13, na kanuni ya kawaida ni plasta kukaa wiki nne kabla ya kupakwa. Wakati wa mvua ikae zaidi. Rangi ya mafuta ikikutana na alkali hiyo hugeuka sabuni, kwa maana halisi ya kemia: mafuta na alkali ndivyo sabuni inavyopikwa. Huwa laini, hunata, kisha huteleza. Praima iliyoandikwa kwamba inastahimili alkali ndiyo kinga, lakini hapo ndipo mwenye nyumba huona pa kubania. Fundi huambiwa achanganye rangi yenyewe na maji, apake mkono wa kwanza, aite praima.

Halafu kuna skimu. Mtindo wa kulainisha ukuta wa nje uwe kama wa sebuleni umeharibu nyumba nyingi kuliko rangi feki. Puti ya ndani ina jipsamu, na jipsamu huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji. Anayechanganya jipsamu na saruji nyeupe anaongeza tatizo, kwa sababu viwili hivyo vikikaa kwenye unyevu hufanya kemia ya kuvimba. Nje tumia puti ya saruji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, au acha plasta ilivyo. Ukuta uliopigwa vizuri kwa ubao wa sponji hauna aibu yoyote.

Sasa ndoo yenyewe. Ndani yake mna gundi inayoshikamanisha kila kitu, unga wa rangi, kijazio na maji. Uhai wa rangi ya nje uko kwenye gundi. Akriliki halisi huvumilia jua na alkali. Gundi za vinili za bei nafuu, zinazofaa ndani, huchoka mapema zikiwekwa penye jua, unyevu na saruji. Pili ni uwiano. Rangi ya bei chee hujazwa unga wa chokaa ya mawe ili ionekane nzito na kufunika haraka, huku gundi ikipunguzwa. Gundi hiyo kidogo ikishaliwa na jua, unga hubaki hauna wa kuushika, nao ndio ule unaokupaka mkononi.

Rangi unayoichagua nayo ina umri wake. Nyekundu ya udongo, hudhurungi na manjano ya mfinyanzi hutokana na oksidi za chuma, na hizo hazijali jua wala alkali. Waridi kali, zambarau na manjano ya kung'aa mara nyingi hutoka kwenye viini vya kikaboni ambavyo jua huvichujua. Anayetaka nyumba yake ionekane kutoka barabara kuu ajue analipia rangi itakayochuja kwanza.

Kiasi nacho kina hesabu. Nyumba ya mita 14 kwa 12 yenye kuta za mita 3, ukitoa milango na madirisha, ina kama mita za mraba 130 za nje. Lita moja kwa mita za mraba 10, mikono miwili, ni lita 26. Plasta ikiwa na mkwaruzo, weka 30. Lita moja juu ya mita za mraba 10 ni utando wa milimita 0.1 ukiwa mbichi, na ukikauka haufiki nusu yake, kwa sababu maji yameondoka. Mikono yote miwili kwa pamoja hufikia unene wa unywele. Fundi anayenyoosha ndoo moja ya lita 20 kwa lita 10 za maji ametoa theluthi ya huo unywele. Nyumba itapendeza siku ya kukabidhiwa.

Haya yote ni ya tofali la saruji. Nyumba ya mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, ina sheria nyingine. Kuta zake nene zimejengwa kwa udongo na chokaa, hunyonya maji na kuyatoa, na hazikukusudiwa kuwa kavu wakati wote. Chokaa iliyochomwa tanuuni, ikazimwa kwa maji na kupakwa nyepesi nyepesi juu ya ukuta ulioloweshwa, hunyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe lile lile la ukuta. Huisha taratibu kwa mvua, hurudiwa, na mvuke hupita. Plasta ya saruji na rangi ya plastiki huufunga ukuta huo, unyevu ukatafuta njia upande wa ndani na kwenye ncha za boriti. Anayetaka rangi ya kiwandani kwa nyumba ya namna hiyo atafute rangi ya silikati, ile aliyoipatia hataza Adolf Wilhelm Keim huko Ujerumani mwaka 1878. Hushikana na madini ya ukuta bila kuufunika kwa utando. Ila haishiki juu ya rangi ya plastiki, kwa hiyo ya zamani lazima ing'olewe yote.

Paka kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari, ukifuata kivuli kuzunguka nyumba. Na kama fedha haitoshi kwa kila kitu, anza na mfereji wa paa, fuata na praima, kisha ununue akriliki ya nje ya bei ya kati, ndoo kamili bila kuinyoosha. Rangi ya bei kubwa juu ya ukuta wenye maji ni hasara ya mwaka mmoja au miwili.