Lengo la Nani?

Saa nne asubuhi, Jumatatu moja, mama yangu alinipigia simu kutoka kibandani kwake Kayole. Hakunisalimia.

"Hii kitu yako inatetemeka na kutoa nyota. Imeharibika?"

Haikuwa imeharibika. Nilikuwa nimempa saa yangu ya zamani ya kuhesabu hatua, baada ya mimi kujinunulia nyingine Luthuli. Aliivaa saa kumi alfajiri akienda soko la Wakulima kuchukua nyanya na sukuma, na sasa ilikuwa imefikisha hatua 10,000. Zile nyota ndizo pongezi zenyewe. Mimi nilikuwa ofisini Westlands, kwenye kiti tangu saa mbili, na mkono wangu ulikuwa unasoma 1,312.

"Inakupongeza, Mama. Umefikisha lengo."

"Lengo la nani?"

Nilicheka, akakata simu kwa sababu mteja amefika. Lakini swali lilibaki. Jioni nilirudi kusoma insha moja ambayo nimeipenda kwa miaka, nikaona kwamba sikuwa nimewahi kuiuliza swali hilo.

Insha yenyewe ni "Stepping Out" ya David Sedaris, Mmarekani anayeishi Uingereza. Ilitoka katika The New Yorker mwaka 2014, kisha ikaingia katika kitabu chake *Calypso* cha 2018. Kisa chake ni rahisi. Sedaris anapata Fitbit, kidude cha kuvaa mkononi kinachohesabu hatua. Anaambiwa 10,000 kwa siku. Anazifikisha, kidude kinatetemeka, naye anaona raha. Basi anaongeza, na tena anaongeza, mpaka anafika siku za hatua 60,000, kama kilomita 40, akizunguka barabara za mashambani za Sussex huku akiokota takataka. Baraza la eneo lake linamshukuru kwa kulipa lori la taka jina lake. Halafu siku moja Fitbit inakufa. Ghafla kutembea kunakosa maana, kwa sababu hakuna anayehesabu. Anaagiza nyingine iletwe haraka, na ikifika tu, anatoka mbio.

Kama hujaisoma, isome. Sijui mtu mwingine aliyeandika vizuri hivyo kuhusu jinsi kidude kidogo kinavyoweza kugeuka bosi. Sedaris anajicheka kabla hujamcheka, na ndani ya kicheko chake kuna hofu ya mtu anayezeeka. Pia anaona mambo. Kwa sababu anatembea, anawajua majirani, mifugo, na kila pakiti ya chipsi iliyotupwa mtaroni. Kidude kilimtoa nyumbani, na hiyo si kazi ndogo.

Sayansi nayo iko upande wake, kwa kiasi. Uchambuzi uliotoka mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Digital Health, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba wanaovaa vidude hivi huongeza kama hatua 1,800 kwa siku na kupunguza kama kilo moja ya uzito. Kwa hivyo sitasema saa hizi ni uongo. Mimi mwenyewe nilianza kushuka matatu stage mbili kabla ya kazini kwa sababu ya saa. Manze, hata ngazi za ofisi nilizipanda.

Lakini ile sehemu ya Fitbit kufa, Sedaris aliiona kabla ya watafiti. Mwaka 2016, Jordan Etkin alichapisha majaribio katika Journal of Consumer Research. Watu waliopimwa wakitembea walitembea zaidi, lakini raha ya kutembea ilipungua. Kupimwa kuligeuza mchezo ukawa kama kazi. Na kipimo kilipoondolewa, hamu ya kuendelea nayo ikashuka. Hiyo ni insha ya Sedaris bila vichekesho.

Hata namba yenyewe haikutoka hospitali. 10,000 ilitoka Japani, mwaka 1965, mara tu baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ilipouza kidude cha kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa jina la bidhaa. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa utafiti wa wanawake wazee wapatao 16,700 nchini Marekani, wakaona kwamba faida ya kutembea katika kupunguza vifo ilipanda hadi kama hatua 7,500 kwa siku, kisha ikatulia. Kwa hivyo jibu la kwanza kwa Mama lilikuwa hili: ni lengo la muuzaji mmoja wa Japani.

Hakuridhika. Na alikuwa na haki, maana swali lake halikuwa la historia.

Wiki hiyo nilianza kuisoma saa kama ninavyosoma hadithi, nikiuliza inaona nini na inaacha nini. Ndani yake kuna kihisi kinachopima mtikisiko. Mkono ukipunga kama wa mtu anayetembea, inahesabu hatua. Basi. Jumamosi Mama alifua nguo, saa ikampa hatua nyingi bila yeye kutoka kwenye beseni. Alipokanda unga wa chapati, ikampa nyingine. Lakini alipobeba kreti ya nyanya kwa mikono yote miwili kutoka kwa mkokoteni hadi kibandani, safari baada ya safari, mikono haikupunga, na saa yangu ya bei rahisi ikaona mtu aliyetulia. Kazi nzito kuliko zote za siku yake ndiyo ambayo haikuandikwa.

Hapo nikafikia jambo ambalo halinichekeshi. Mama ana presha. Ana miaka 58 na anameza dawa kila asubuhi. Mwaka jana daktari alimwambia afanye mazoezi, atembee kidogo. Nilikuwa nimeketi kando yake. Mama alijibu, "Sawa, daktari," kwa sauti ile ya heshima anayotumia kanisani. Tulipotoka nje aliniuliza, "Anafikiri mimi huja sokoni na ndege?"

Wakati huo nilidhani anafanya utani. Baadaye nilisoma kuhusu kile watafiti wanachokiita kitendawili cha mazoezi ya mwili. Andreas Holtermann na wenzake walifuatilia zaidi ya watu wazima 100,000 wa eneo la Copenhagen, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Waliotumia mwili sana katika muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na kifo. Waliotumia mwili sana kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi, hata baada ya kuzingatia mambo kama sigara na elimu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kazi nzito huchukua saa nyingi, ina kuinua na kusimama, huweka presha juu kwa muda mrefu, na haitoi nafasi ya mwili kupumzika. Wako wanasayansi wanaobisha, wakisema ni umaskini unaoonekana hapo na si kazi. Kwa Mama, sioni tofauti kubwa kati ya majibu hayo mawili.

Rudi sasa kwa Sedaris. Hatua zake 60,000 ni za mtu ambaye siku ni yake. Anaweza kutembea saa tisa kwa sababu hakuna anayemngoja na noti ya mia mkononi. Simlaumu, na yeye hajifichi. Anajua kwamba ana muda na pesa, na anajichekea hilo pia. Lakini sisi tunaosoma insha yake Nairobi, tukivaa saa zilezile, tumeirithi hadithi nzima pamoja na kiti cha msimulizi. Katika hadithi hiyo mwili umelala, kidude kinauamsha, mtu anaokoka. Apu zote zinaisimulia hivyo. Karura siku ya Jumapili utatuona, tumevaa raba safi, tunapiga picha ya namba zetu na kuzituma kwenye grupu. Asubuhi ya Jumatatu, kwenye barabara zinazoingia Industrial Area, kuna mstari mrefu wa watu wanaotembea kutoka Mukuru na mitaa mingine ili kuokoa nauli. Ukiwavika saa, wote watapata nyota. Hakuna hata mmoja atakayeambiwa kitu ambacho hajui.

Ndiyo maana nasema insha ile ninayoipenda ina pengo, na pengo lenyewe ni letu kulijaza. Fasihi ya vidude hivi hadi sasa imeandikwa zaidi na watu wanaokaa. Namtaka mwandishi atakayemvika saa kondakta anayening'inia mlangoni kutoka saa kumi na moja alfajiri, au yaya anayepanda ghorofa ya sita akiwa na mtoto mgongoni, kisha aandike kile saa inachosema na kile mwili unachosema, bila kuvilazimisha vikubaliane. Akiweza kutuchekesha kama Sedaris, afadhali zaidi.

Nilidhani Mama angenirudishia saa. Siku ya nne alikuja nayo, lakini alikuwa na ombi. Alikuwa amegundua kwamba nikikaa muda mrefu, saa yangu mpya hutetemeka na kuniambia niinuke. Aliiona ikifanya hivyo tukila.

"Hii yangu haina ya kuniambia nikae?"

Tulitafuta kwenye mipangilio yote. Kulikuwa na ya kusimama, ya kutembea, ya kunywa maji, ya kupumua. Ya kukaa haikuwepo. Mwishowe nikaweka kengele ya kawaida, saa nane mchana, wakati wateja wamepungua na wa jioni hawajaanza, nikaandika neno moja: KAA.

Ni wiki ya sita sasa. Mchana saa inatetemeka, Mama anageuza kreti tupu na kuikalia robo saa, miguu juu ya gunia. Jirani yake anayeuza ndizi naye ameanza kukaa wakati huohuo, wanapiga story. Siku nyingine mteja anakuja na Mama anaizima akiwa amesimama. Sijui presha itasemaje. Kliniki ni mwezi ujao. Hatua zake sizitazami tena. Namuuliza tu jioni kama kengele ililia, na kama alikaa.