Fasihi ya Nyuma ya Bajaji

Kila asubuhi hukaa barazani, kando ya barabara itokayo Bunju kupitia Mapinga na Kerege hadi hapa Bagamoyo, nikisoma migongo ya bajaji. Mji huu wa misafara umezoea wapitao. Zamani wengi walipita kwa miguu. Tukasoma majina ya kanga zao, na maamkizi yakafuata. Kanga husema na mtu mmoja: mkwe, jirani au mke mwenza. Jina lake huchaguliwa dukani kwa makusudi, na mlengwa hujijua. Maandishi ya bajaji huwaambia watu wote, kisha hukimbia bila kungoja jibu. Huo ndio upungufu wake.

Lakini juzi ilipita moja: "MAMA NITALUDI". Mkono wangu ukatafuta kalamu nyekundu. Kisha nikafikiri: barabara haina huruma, na kijana huyu amemwahidi mtu mmoja hasa, kama kanga ifanyavyo. Herufi ilikosewa, maana ilikuwa kamili. Miaka mingi nilikata makosa ya watoto wa watu, kama nilivyofunzwa chuo cha ualimu. Nahofu, ndugu msomaji, nilikata na ahadi zao.