Siri Hii Inamlinda Nani? Tukimsoma Sayyida Salme

Mwaka 1886 kilitoka Ujerumani kitabu cha kumbukumbu cha mwanamke wa Unguja. Mwandishi, Emily Ruete, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni akiitwa Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Aliwaandikia watoto wake wajue mama yao ametoka wapi. Humo alifungua milango ambayo wageni hawakuruhusiwa kuipita: maisha ya masuria, wivu wa wake, ugomvi wa ndugu juu ya kiti cha baba yao.

Panapouma zaidi ni habari za mama yake, Jilfidan. Alikuwa mtoto mdogo wa Kicherkesi wavamizi walipowaua wazazi wake na kumchukua. Akauzwa, akafika Unguja, akawa suria wa Sultani. Salme anayasimulia hayo kwa uchungu wa binti. Lakini akifika kwenye utumwa wenyewe, anautetea: watumwa wa Waarabu, asema, walitunzwa vizuri kuliko Wazungu walivyodhani. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Watumwa wengi wa Unguja walitoka huku bara, nao walikuwa na mama zao.

Lipo pia analolinyamazia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Alijifungua huko Aden, na mtoto yule hakuishi. Mwaka 1867 alibatizwa na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Kuhusu mimba ile kitabu hakisemi neno. Mimi simlaumu. Siri hiyo ilikuwa yake, na kwa kuitunza hakumwonea mtu. Kuutetea utumwa ni jambo jingine, maana huko ni kumlinda mwenye nguvu.

Tofauti hiyo tunaihitaji hapa Kimali. Mama akija amevimba jicho, huambiwa kwamba ya nyumbani yaishie nyumbani, na ng'ombe wa mahari wamekwisha kupokelewa. Nami nakiri: niliwahi kumwambia mama mmoja avumilie na kuomba. Nilidhani nailinda ndoa. Kumbe niliyemlinda ni mumewe.

Tusome 2 Samweli 13. Tamari alipobakwa na Amnoni, ndugu yake Absalomu alimtaka anyamaze. Mfalme Daudi alikasirika, ila hakumfanya Amnoni lolote. Nyumba nzima ilinyamaza, lakini Biblia haikunyamaza. Iliandika aibu ya nyumba ya mpakwa mafuta wa Bwana, na jina la binti huyo tunalo hadi leo.

Wapendwa, si kila siri ni dhambi. Ziko zinazomsitiri aliyeumizwa, na hizo mchungaji na mzee wa kanisa wazitunze. Ziko zinazomficha aliyeumiza. Kabla hujamwambia dada yako anyamaze, jiulize: siri hii inamlinda nani?