Wakwezi wa Minazi

Waliokulia vijiji vya Kisarawe, kuanzia Masaki hadi Maneromango, au upande wa Kibaha kule Mlandizi, wamekula wali wa nazi na mchicha wa nazi tangu walipoota meno. Aliyeiangua nazi hiyo hatajwi mezani.

Mkwezi hupanda asubuhi, umande ukishakauka, kwa sababu shina likiwa na unyevu huteleza. Miguuni ana kitanzi cha kamba, kiunoni panga. Mnazi mrefu wa kienyeji hupita mita 20, na vidato vilivyochongwa shinani zamani vingine vimeoza, kwa hiyo kila kimoja hukijaribu kabla hajakiegemea. Kileleni huwakuta nyigu na maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaouma vibaya, wala hawezi kuwafukuza, maana mkono mmoja umeshika kuti.

Huko juu ndiko kazi yenyewe. Hugonga nazi kwa ubapa wa panga na kusikiliza: hii imekomaa, lile bado koroma, liachwe. Huondoa makuti makavu na makarara, humtafuta chonga aliyetoboa kilele, kwani mdudu huyo asipotolewa mnazi waweza kufa. Mikungu ya madafu huishusha kwa kamba yasipasuke. Utotoni sisi tulifukuzwa mbali na mti; nazi moja ikikuangukia imekumaliza.

Ujira wake ni nazi kadhaa au shilingi chache kwa kila mti. Akianguka akavunjika kiuno, hana bima, na shamba hutafutiwa mkwezi mwingine. Mimi naona tunamlipa kidogo mno.