Ibara ya 137: Kiti na Ahadi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaisifu sana Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Nimeisoma upya, nami naona sifa zimezidi. Ilivyoandikwa wakati huo, ilisema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Tukitazame kitenzi hicho, "kitaendelezwa". Ni kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Nani akiendeleze, kwa fedha ipi, mpaka lini? Kiingereza kilipewa kiti, Kiswahili kilipewa ahadi. Kwetu Burundi, tulioingia mwaka 2007 na Kirundi na Kifaransa chetu, Kiswahili kilikuwa tayari sokoni. Kiingereza ndicho kilichokuwa kigeni.

Mtu atauliza hayo yanahusu nini utatuzi wa migogoro ya mataifa. Aitazame Goma. Novemba 2022 askari wa Kenya walifika huko kwa jina la Jumuiya, baadaye wakafuata wa Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Muuza ndizi wa Goma aliweza kusemezana na askari wa Kenya bila mkalimani, jambo asiloliweza kwa mlinda amani wa Uruguay. Lakini walisikilizana maneno, si kazi. Wakazi wengi walitaka kikosi kipigane na M23. Viongozi wa kikosi walijiona wametumwa kusimamia kusitishwa kwa vita na waasi kurudi nyuma. Watu waliandamana, serikali ya Kongo ikakataa kuongeza muda, na Desemba 2023 kikosi kikaondoka. Lugha moja ilikuwa barabarani. Waraka uliosema askari afanye nini ulikuwa wa watu wengine.

Sidai kwamba tafsiri nzuri ingeizuia M23 kuingia Goma Januari 2025. Vita vile vina ardhi, uraia, madini na majirani wanaolaumiana, na wenzetu wanaodhani Kiswahili pekee kitaleta amani wanajidanganya. Ninachodai ni kidogo zaidi: makubaliano juu ya Kivu yaandikwe pia kwa Kiswahili chenye nguvu sawa kisheria, ili mkazi ajue alichoahidiwa na amdai nani.

Nani atayaandika? Katika somo letu la tafsiri tumepewa hadithi, matangazo ya afya, hata mapishi. Azimio la wakuu wa nchi hatujapewa hata moja.