Safari Isiyofika: Dhana ya “Mhamiaji” katika Riwaya ya Tomás Rivera

Makala haya yanahakiki riwaya ya Kihispania ya Tomás Rivera, ...y no se lo tragó la tierra (1971), inayosimulia maisha ya vibarua wa mashambani wenye asili ya Meksiko nchini Marekani. Ni rahisi kuiweka riwaya hii katika kundi la fasihi ya uhamiaji. Tunadai kwamba neno “mhamiaji”, likitumiwa bila tahadhari, linaficha kiini chake.

Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 uliziacha jamii nyingi za Wameksiko ndani ya Marekani bila wao kuhama. Wengine waliingia baadaye, wakiwamo vibarua wa mkataba wa miaka ya 1942 hadi 1964. Rivera mwenyewe alizaliwa Crystal City, Texas, mwaka 1935. Wahusika wake hawaendi nchi mpya. Kila msimu wanazunguka ndani ya nchi wanamoishi tayari, kutoka Texas hadi mashamba ya kaskazini.

Visa vya riwaya vinathibitisha hoja hii. Katika “Un rezo”, mama anamwombea mwanawe aliye askari vitani Korea. Katika “Es que duele”, mtoto anarudi nyumbani akihofia kwamba amefukuzwa shule baada ya kupigana. Taifa linalompokea kijana jeshini ndilo linalomsukuma mtoto nje ya darasa. Katika “Cuando lleguemos”, lori lililosheheni vibarua linaharibika usiku. Sauti zisizo na majina zinapokezana kuwaza zitakalolifanya zikifika. Kufika kwenyewe hakusimuliwi.

Hata hivyo, riwaya ina mpaka wake. Inahitimishwa na mvulana aliyejificha chini ya nyumba, akiyakusanya peke yake makumbusho ya jamii nzima. Kumbukumbu inapatikana, lakini njia ya kudai haki haionekani. Ilhali mwaka 1963, miaka minane kabla ya kitabu kuchapishwa, wagombea wenye asili ya Meksiko walitwaa viti vyote vitano vya baraza la mji huohuo wa Crystal City.

Kwa washauri wa sera, funzo ni bayana. Takwimu za wanaovuka mpaka haziwezi kueleza hali ya watu ambao hawajavuka mpaka wowote. Maswali ya kuuliza ni matatu: mtoto wa kibarua anasoma wapi msimu ukibadilika, mzazi wake analindwa na sheria ipi ya kazi, na kura yake inahesabiwa wapi?