Viti 16 vya Kalonzo: hesabu ambayo Kitui na Makueni hawakusomewa

Januari 8, 2008, Rais Mwai Kibaki wa Kenya alipotangaza kundi la kwanza la mawaziri wake, Kalonzo Musyoka, mbunge wa Mwingi Kaskazini, alitajwa kuwa makamu wa rais. Siku chache tu kabla ya hapo walikuwa wakishindania urais, na Kalonzo alikuwa ameapa kwamba angepita katikati ya Kibaki na Raila Odinga. Aliibuka wa tatu kwa karibu kura 880,000, nyingi zikiwa za Ukambani. Waliompigia Kitui na Makueni walitaka kujua: nani alimtuma huko?

Jibu lake lilikuwa moja, na alilishikilia kwa miaka mingi: nchi ilikuwa ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, naye aliingia serikalini kuinusuru. Ilikuwa ikiungua kweli, hilo silipingi. Ila tazama kazi ya jibu hilo. Linaondoa swali kwenye mapatano yake na Kibaki na kulipeleka kwenye dhamira ya mtu, ambayo mpiga kura hawezi kuipima. Anayeuliza "sisi tumepata nini?" anaonekana mroho, ilhali watu wanauawa Eldoret na Kisumu.

Mapatano yenyewe yalikuwa ya hesabu. PNU ya Kibaki ilikuwa na viti 43, ODM ya Raila 99. Rais alikuwa na Ikulu bila Bunge. ODM-Kenya ya Kalonzo ilileta viti 16, na wiki moja baadaye, Januari 15, vikapimwa: katika duru ya tatu ya uchaguzi wa Spika, Kenneth Marende wa ODM alimshinda Francis ole Kaparo wa upande wa serikali kwa kura 105 dhidi ya 101. Bila viti vile 16 serikali ingeshindwa vibaya zaidi. Pamoja navyo, bado ilishindwa.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye dhamana. Chini ya katiba ya zamani, rais alimteua makamu wake na angeweza kumfuta kazi wakati wowote. Chama cha Kalonzo hakikuwa na sheria ya kukilinda. ODM iliyokataa kuingia ilikuja kupata zaidi: makubaliano ya Februari 28 kati ya Kibaki na Raila, yaliyotiwa kwenye sheria mwezi Machi, yalimpa Raila uwaziri mkuu ambao ni Bunge pekee lingeweza kumvua. Aliyetangulia kuingia alipata uteuzi. Aliyesubiri akapata sheria. Mwaka 2009 wawili hao walipogombania uongozi wa shughuli za serikali bungeni, aliyekalia kiti cha kuamua alikuwa Marende yuleyule.

Na maji je? Katika nchi ambako akina mama hufukua mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa, ndilo lililopaswa kuwa swali la kwanza. Umakamu ulikuja na Wizara ya Mambo ya Ndani, yenye magereza, si mabwawa. Wizara ya Maji ilifika Kitui mwezi Aprili kupitia upande wa pili: alipewa Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, aliyekuwa amemuunga mkono Raila. Hakuna hotuba ya kuinusuru nchi inayoweza kueleza hilo. Lingeelezwa na mapatano yenye kifungu cha maji, yaliyosomwa hadharani kabla ya kuapishwa.

Leo sheria imebadilika. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka mkataba wa muungano uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama. Hata hivyo, mwaka 2022 Wiper, ambayo ndiyo ODM-Kenya ya jana, ilijikuta ikidai nakala ya mkataba wa muungano wa Azimio ambao yenyewe ilikuwa imeutia sahihi. Basi mgombea akija Wote au Kyuso kabla ya uchaguzi wa 2027 akiwa na habari za muungano, mwulizeni nakala iko wapi, ni nani anayeweza kuuvunja, na maji yameandikwa kifungu cha ngapi.